Makapi Chini ya Mkeka

Siku hizi dawa ya mitishamba ya Kichina haiui ugonjwa, huuhamisha tu. Unabaki kwenye makapi ya mizizi iliyochemshwa, ukimngoja wa kwanza kuyakanyaga bila viatu. Ndiyo maana watu humjulia mgonjwa hali kutoka barabarani.

Mkaiwa alimnywesha mwanawe dawa, kisha akayatandaza makapi chini ya mkeka wa mlangoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Wifi yake Tabia akapiga hodi kutoka barabarani, chupa ya uji mkononi. “Mtoto vipi?”

“Kapona juzi, wifi. Ingia bwana! Ila vua viatu, nimepiga deki.”

Tabia akavua, akakanyaga mkeka, akaingia. Chumbani, kifua cha mtoto kilichokuwa kikikoroma kikatulia.

Tabia akakohoa, akageuza uso haraka. “Samahani, wifi. Nisije nikamwambukiza mtoto.”