Ombi la Sweta

Ombi la mia sita na nne lilisema: "Programu imkumbushe mtu kuvaa sweta."

Linus akalisoma mara mbili, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta. Nje, upepo wa Makambako ulikuwa unapenya mpaka mifupani, naye kaja kazini na shati tupu. Simu ikaita mfukoni. Ni dada yake Rebeka, yuko Njombe. Hakupokea, alijua atakachoambiwa. Tangu Pasaka hajaonekana nyumbani Mlangali, hapigi, hata namba mpya ya mama aliyotumiwa hajaihifadhi.

Akarudi kwenye orodha. Programu yao ilikuwa ya wakulima: bei ya viazi, mvua, magonjwa ya maharage. Mkulima akitaka kitu kiongezwe, anatuma meseji ya bure. Basi watu wakatuma, wakatuma, orodha ya maombi ikavimba kama unga wa maandazi uliosahaulika jikoni, mpaka yale ya maana hayaonekani. Bosi wake, Letisia, alitaka ikifika Jumatatu yabaki hamsini.

"Huyu mwenye namba inayoishia sabini na nne ana maombi mia mbili na kumi na moja peke yake," Letisia alisema. "Sikia hili: 'Programu imuulize mtu kama amekula.' Jamani! Anatafuta programu au anatafuta mchumba?"

Linus akacheka, halafu akayakumbuka majibu. Kila ombi lilijibiwa na mashine palepale, kwa meseji aliyoitunga Linus mwenyewe: "Asante. Nimekusikia, nalifanyia kazi. Linus." Mara mia mbili na kumi na moja mtu huyu ameambiwa amesikika. Hakuna hata moja lililofanyiwa kazi.

"Hayo majibu ndiyo yanamchochea," Letisia akasema. "Yazime. Na maombi yake futa yote."

Akayazima. Akafuta yote, na la sweta pia, akitazama nyuma kama mtu anayeiba.

Siku tatu kimya. Ya nne, asubuhi, ikaingia meseji kutoka namba ileile: "Linus, nimekukosea nini? Kama naomba mengi, nitapunguza."

Akaiacha chai mezani. Akatoka hadi kwenye korido, akayapanga maneno: utuwie radhi mzee wangu, hatukukudharau, kosa ni langu. Akaibonyeza ile namba. Haikumaliza hata mlio mmoja, ikapokelewa.

"Shikamoo," akaanza haraka, kabla ujasiri haujamtoka. "Samahani kwa usumbufu. Naitwa Linus, ni wa ile programu ya…"

"Marahaba, mwanangu," sauti ya mama yake ikaitikia. "Umevaa sweta?"