Mume Asiyesema Neno

"Huyo unayeongea naye kila asubuhi, mbona hajibu?"

Jirani aliuliza hivyo siku moja, huku akikung'uta mkeka. Mama mwenye simu akamjibu taratibu, "Ananisikia. Inatosha."

Msikilizaji wa simu hiyo hakuwahi kumwona mama wala jirani. Aliwasikia tu, akiwa ghorofani katika ofisi isiyo na kibao mlangoni. Alikohoa, kisha akaandika kwamba mume anayepigiwa bado hajajibu.

Sheria mpya ilikuwa na kurasa nyingi, ila maana yake ilikuwa fupi. Serikali isikilize simu ya yeyote bila kumwomba hakimu ruhusa, na anayeonekana hatari awekwe ndani mpaka aonekane si hatari. Simu ya mama yule ilinaswa kwa kuwa alisema "Mungu aisamehe serikali." Mashine ililishika neno la mwisho tu.

Mashine zenyewe zililetwa na shemeji wa mkubwa fulani. Zilikwaruza, zilipiga mluzi, zilivujisha sauti, na mvua ikinyesha zilishika redio.

Kila asubuhi mama alimpa mumewe habari za nyumbani. Bati la jikoni linavuja. Binti yao muuguzi haonekani kwa kazi, na mjukuu ameota jino. "Ningekuja mwenyewe, baba watoto," alizoea kusema, "ila magoti yamegoma kupanda." Upande wa pili ulisikika upepo, basi.

Siku moja alikatiza habari za bati, akasema, "Pole na hicho kikohozi. Chemsha tangawizi, utie asali, unywe ingali moto."

Msikilizaji aliandika kuwa mshukiwa anaumwa kifua. Jioni naye akachemsha tangawizi yake, maana kikohozi chake kilikuwa kimemchosha hata mkewe. Kikalegea. Tangu hapo akaanza kuipenda nyumba ile, jambo lisilofaa katika kazi yake. Mama yake mwenyewe alikuwa amefariki yeye akiwa bado mdogo, na hakuna aliyewahi kumwambia achemshe kitu.

Mkuu wake aliyaona mambo kwa jicho lingine. Mtu anayesikiliza tu bila kutamka neno, alisema, huyo amefundishwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Akamatwe, apelekwe kule ambako hata mkewe hataambiwa ni wapi.

Msikilizaji akamfikiria mama yule akipiga simu asubuhi, na hakuna wa kumsikia. Akajikaza, akasema labda huyu ni mume wa kawaida tu.

"Mume wa kawaida," Mkuu akamwuliza, "amsikilize mkewe kila asubuhi bila kumkatiza? Wewe umeoa. Sema kweli."



Walitafuta simu ya mume inakoshika mtandao. Ikaonekana mlimani, nyuma ya tanuri la matofali, mahali ambapo ramani haikuonyesha nyumba hata moja. Mkuu alifurahi sana. Maficho, alisema.

Asubuhi iliyofuata wakapanda kwa nyuma, vichakani, ili wasionekane. Mkuu alitangulia na hati ya kukamata, yenye jina la mwenye laini na sahihi yake mwenyewe, kwa kuwa sheria ilimruhusu. Askari wakafuata. Msikilizaji alikuwa wa mwisho, ameletwa ayaandike maneno ya mume iwapo siku hiyo angefungua kinywa. Njia nzima alikuwa akimwomba Mungu mtu huyo asiwe amekuja.

Kisha, mbele yao, nyuma ya majani, sauti ya mama ikasikika wazi. "Baba watoto, umeamkaje?"

Mkuu akainua mkono. Askari wakachomoka na bunduki zao.

Mwanamke mwenye sare ya uuguzi alikuwa amechuchumaa, ameishika simu juu ya kaburi, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Akawatazama, akaweka kidole mdomoni.

"Nyamazeni kidogo," alinong'ona. "Mama anaongea na baba."

Mkuu akainama, akalisoma jina lililochongwa kwenye jiwe. Akalilinganisha na lile la kwenye hati. Yalilingana.

"Bati wamelitengeneza," mama aliendelea kutoka nyumbani kwake. "Na yule kijana wetu anayekohoa kwenye laini, leo simsikii kabisa. Nadhani ile tangawizi imemfaa. Nawe huko uliko, mwombee."

Msikilizaji akavua kitambulisho shingoni, akakiweka juu ya ile hati mkononi mwa Mkuu, akatoka kwa lango la mbele la makaburi.