Uzi wa Ndani

Bi Tunu, fundi cherehani, aliingia kliniki na mkasi wake mdogo mkobani, ameuchemsha kabisa. Binti yake Rukia alipasuliwa na kushonwa tumbo miezi kadhaa iliyopita, na kila fundi anajua kwamba uzi wa bandi hushikilia kwa muda tu, kisha huchomolewa. Wa juu ulikwisha kutolewa. Wa ndani ndio uliomnyima usingizi.

"Mtampasua tena lini?"

Nesi Gaudensia akacheka. "Kumpasua? Ule wa ndani huyeyuka wenyewe, mama. Nyama ikishashikana, nao unaisha. Sasa hivi hata ukiutafuta huupati."

"Usinitanie, mwanangu."

Nesi akampa kipande cha uzi kama ule. Bi Tunu akauvuta, akaung'ata. Haukukatika.

"Huu? Uyeyuke?"

"Huohuo."

"Naruhusiwa kuruka kamba?" Rukia akadakia kutoka kitandani alipoketi.

"Hata leo."

Bi Tunu akapiga kigelegele, wagonjwa benchini wakageuka. Alipotazama kitandani, Rukia hayupo. Yuko uani, anaruka kamba na watoto asiowajua, blauzi inapanda, kovu jembamba linameremeta juani. Mama yake alisimama mlangoni, akiung'ata tena uzi ule.