Ndala ya Kushoto

Tangu fundi wa mtaa wa pili abadilishe pampu ya maji, gari la marehemu Shekue liliacha kuchemka, lakini likaanza kunguruma na kutikisika hadi meno ya mjane wake, Bi Mwatime, yakawa yanagongana.

"Mama, gari lina degedege hili!" alisema fundi Kombo, kichwa chini ya boneti. Kisha akacheka. "Aliyefungua pampu kautupa mpira uliokuwa unaituliza injini. Kimebaki kipande. Kumbe ilikuwa ndala! Nani huyo mtundu aliyeikata akaiweka humu?"

"Marehemu, baba watoto. Siku hiyo alikwenda msikitini mguu mmoja ndala yake, wa pili ndala yangu ya maua. Nilimcheka mpaka nikalia."

Kombo akaingia garini kukanyaga mafuta, mguu ukagonga kitu chini ya kiti. Ndala ya kushoto.

"Mwenzake huyu hapa! Mpira mgumu hivi siku hizi hakuna. Nikate?"

Bi Mwatime akaipokea. Kisigino kilikuwa kimelika upande, na vidole vitano vimejichora wazi.

"Mama, kisu tayari."

"Ngoja kwanza, mwanangu."

Akavua kiatu, akauweka mguu wake mdogo ndani ya alama ya unyayo ule mpana wa mumewe, huku injini ikizidi kutetemeka.