Kadi ya Hamadi

Kabla ya alfajiri feni ya kompyuta ya Sudi ilianza tena kukwaruza, na gemu likaganda. Kadi yake ya picha, kile kifaa cha ndani kinachoonyesha gemu kwenye skrini, ilikuwa imechoka, na mpya hakuimudu bei yake. Akamkumbuka Hamadi, rafiki aliyecheza naye miaka mingi, aliyepofuka tangu mfungo uliopita. Kadi yake nzuri ilikaa bure.

Kulipokucha alikwenda na machungwa.

"Nimekuja kukujulia hali tu, ndugu yangu."

Hamadi akacheka. "Na hiyo bisibisi inayogongana na funguo mfukoni, nayo imekuja kunijulia hali?"

Sudi aliinamisha uso kana kwamba anaonekana. Tangu rafiki yake apofuke, hakuwa amemtembelea hata mara moja.

Hamadi alipapasa chini ya mto, akatoa kadi iliyoviringishwa katika taulo safi. "Nilishaitoa. Mashine yako ilianza kulia tungali tunacheza wote, nikajua ikikushinda utakuja."

Sudi aliipokea kwa mikono miwili. Akamenya chungwa, akamtilia rafiki yake kipande kiganjani.

"Usingoje na hiyo iharibike, bwana," Hamadi alisema, akiushika mkono wa Sudi. "Uje tena."