Kamba ya Robota

Likizo nzima mjukuu wangu Ilham alifungiwa ndani, fleti yetu ya mtaa wa Sanyuanli. Binti yangu aliogopa mwanawe atapotea humu Guangzhou. Mtoto akiinama kuokota kitu, anahema kunishinda mimi.

"Kitendawili."

"Tega."

"Amechoka, na kazi hajafanya."

"Si mimi huyo, Bibi!" Macho kwenye televisheni.

Uani watoto wa Kichina waliruka kamba. Nikauona mguu wa Ilham: kidole gumba kilipiga sakafu kwa mdundo wao, mwenyewe hana habari.

Nikachukua kisu, nikakata kamba ya robota la viatu vya biashara ya mama yake.

"Mama atatuua!"

"Ataanza na mimi. Twende."

Mlangoni tukakutana na binti yangu akirudi. Akaitazama kamba.

"Mama, ndiyo nini hii?"

Nikamtia ncha moja mkononi. "Shika huku, mwanangu. Zungusha."