Chumba cha Juu

Msumeno ulikuwa umeshakula nusu ya nondo ya kwanza. Jasho lilimchoma baba machoni, lakini hakusimama.

"Fanya haraka, mzee!" mnunuzi wa vyuma chakavu alipaza sauti kutoka chini. "Mkokoteni unangoja!"

Nondo hizo zilikuwa zimechomoza juu ya paa la zege tangu binti yake alipozaliwa, zikingoja ghorofa isiyokuja. Majirani waliiita nyumba yake "nyumba yenye pembe." Leo alikuwa amechoka kuchekwa.

"Baba!"

Binti yake alikuwa ametokeza kwenye ngazi, amenuna. Hata hakuutazama msumeno. Aliitazama miguu ya baba yake.

"Umeingia bila hodi. Halafu unanikanyagia kitanda na viatu!"

Baba akainama. Chini ya soli zake kulikuwa na mistari ya chaki: kitanda, meza, dirisha la kutazama barabarani. Na mlango, na komeo lake.

"Mzee, umelala huko?"

Aliuchomoa msumeno, akavua viatu, akarudi kinyumenyume mpaka nje ya mstari wa mlango.

"Hodi," alisema.

Mtoto alikuwa ameshaingia, amepiga magoti.

"Subiri kwanza," akasema. "Natandika upya."